Nimewauzia wiki tatu, nikawapa siku mbili

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mchoraji wa komiki, naishi Tanga, nina miaka 27. Mchana nafanya kazi stationari, natoa kopi na kuchapa barua za watu. Usiku nachora. Hadithi yangu ni ya dereva wa kike anayepeleka machungwa ya Muheza Dar es Salaam kwa lori, na abiria mmoja anayempandia kila safari ambaye haonekani kwenye kioo. Sura moja ni kurasa sita za rangi, na kila wiki namaliza sura moja. Niko peke yangu: penseli mimi, wino mimi, rangi mimi, hata maneno ya kwenye viputo ni mimi.

Mwaka jana wasomaji walianza kuniambia, dada weka namba tukuchangie. Sikutaka kumfungia mtu hadithi. Nikaamua kila mtu asome bure, ila anayechangia asome mapema. Nikaweka shilingi 3,000 kwa mwezi, na ahadi yangu ilikuwa kwamba kila Ijumaa mchangiaji anapata sura ambayo wengine wataiona wiki tatu baadaye. Wa hapa nyumbani wanalipa kwa simu, nawatumia kwenye kundi la WhatsApp. Wa nje, kama ishirini hivi, wako Muscat, Leicester na Toronto, hao wanapitia Patreon, mtandao wa kuwachangia wasanii kila mwezi. Wote pamoja walifika 140. Mjomba, kwa mara ya kwanza nilinunua kitu cha kazi, tableti ya kuchorea, bila kukopa kwa mtu.

Kisha mkono ukauma. Daktari akasema wiki tatu nisishike kalamu. Wakati huo wachangiaji walikuwa wamefika sura ya 24, wa bure wako ya 21. Nikaona hawa wa bure wana bahati, sura zao zimeshachorwa, kwa nini niwakoseshe? Ijumaa ya kwanza nikawapa ya 22, ya pili 23, ya tatu 24. Nilipopona nikakuta wote wamefika mahali pamoja. Nikachora ya 25, nikawapa wachangiaji Ijumaa, na Jumapili nikawapa wa bure kwa kuwa wameshazoea kupata kila wiki. Nikajiambia nitarekebisha mbele ya safari. Sasa tuko sura ya 32 na bado ni Ijumaa na Jumapili. Nimejaribu kuchora sura mbili kwa wiki nikashindwa, na mkono umeanza tena kunikumbusha.

Wachangiaji wamebaki 104. Mmoja aliniandikia kwa upole kabisa, "Dada, umetuuzia hewa." Sijalala vizuri tangu siku ile.

Kuna mengine. Mtu ndani ya kundi anapiga picha za skrini anazituma kwenye makundi ya chuo chao, kwa hiyo hata hizo siku mbili hazipo. Dada mmoja alitoka akasema kuna mwanamume alichukua namba yake humo kundini akaanza kumsumbua. Halafu nilipanga kwenye Patreon sura itoke saa 12 jioni, nikaandika 12:00, ikatoka saa sita mchana. Wa hapa nyumbani wakaona wa Uingereza wanaijadili kabla yao, wakasema nawapendelea wenye dola.

Kaka yangu anasema niache ujinga, nifunge hadithi yote, asiyelipa asisome. Wasomaji wa bure nao wananiambia nimeanza kuwa na tamaa. Niwape wachangiaji wiki ngapi? Nitazipata wapi? Na je, niwarudishie watu pesa zao?

Mchora Usiku, Tanga

*

Marahaba mpwa wangu. Pole na mkono, na pole na ujumbe ule. Aliyekuandikia hakukutukana. Amekutajia hesabu.

Anayekulipa 3,000 ananunua nini? Kurasa zilezile jirani yake atazisoma bure. Ananunua wiki tatu za kujua jambo ambalo wengine hawajalijua, basi. Ukimpa siku mbili, umempimia mafuta kwa kizibo. Wewe unajua ulivyokesha, unajua rangi ilivyokula muda, lakini hilo hakulilipia zaidi ya wa bure.

Nadhani hata sasa hujaona wiki tatu zile zilipotelea wapi. Unadhani ziliisha kwa sababu uliumwa. Hapana.

Turudi nyuma. Wakati mambo yanakwenda vizuri, ulikuwa unachora sura moja kwa wiki. Mchoraji asiye na mchangiaji hata mmoja naye huchora sura moja kwa wiki. Pengo lile halikukuongezea kazi. Ulilijenga mara moja tu, mwanzoni, ulipowapa wachangiaji sura tatu huku wengine wakingoja. Baada ya hapo likakaa lenyewe. Ni kama mpira wa kumwagilia bustani uliojaa maji: unafungua bombani, yanatoka upande wa pili, na mpira unabaki umejaa. Ulipoumwa ulifunga bomba, ukaacha mdomo wa mpira wazi. Wiki tatu, sura tatu, mpira mkavu. Ulidhani unawapa wa bure vitu vilivyokuwepo tu, kumbe ulikuwa unakula mtaji.

Kwa hiyo sheria ambayo ningeibandika juu ya meza yako ni hii moja: Ijumaa ambayo wachangiaji hawapati sura mpya, wa bure nao hawapati. Zikisimama, zisimame zote mbili. Ungefanya hivyo wiki zile tatu, leo wachangiaji wako ya 32 na wa bure ya 29, na hii barua usingeiandika. Wa bure wangenung'unika kidogo. Mtu anayepewa kitu bure akanung'unika wiki tatu, wiki ya nne anarudi.

Nilichora katuni ya gazeti la kila wiki miaka ya tisini, huenda wewe hujazaliwa au ndiyo kwanza unatambaa. Mhariri wangu alikuwa mtu mgumu wa pesa na mgumu wa kusifu, lakini alikuwa na droo. Siku ya kwanza aliniambia sitachapishwa mpaka droo iwe na katuni sita. Nikaona ananionea. Mwaka wa pili nikapata malaria ya kulazwa, nikakaa wiki mbili na nusu bila kushika kalamu, na hakuna msomaji aliyejua. Niliporudi hakuniambia pole. Aliniambia, "Droo ina tatu." Mkenya Edward Gitau alimchora Juha Kalulu, mhusika wake wa katuni, ndani ya gazeti la Taifa Leo kwa miongo kadhaa, kazi ya urefu ule haiendeshwi kwa kuchora usiku wa leo kinachosomwa kesho asubuhi.

Wewe hukuwa na droo. Ulikuwa na pengo, ukadhani ndiyo droo. Ni vitu viwili. Pengo ni sura ambazo wachangiaji wameshaziona na wengine bado. Hizo umeshaziuza, huna ruhusa ya kuzigusa. Droo ni sura ambazo hakuna aliyeziona isipokuwa wewe na huyo abiria wako wa kwenye lori. Ukiumwa, umeme ukikatika, ukipata msiba, unakula kwenye droo.

Sasa swali lako la wiki ngapi. Nitakuambia jambo ambalo pengine hulitarajii: usirudi kwenye tatu. Ahidi mbili. Sura tatu ulizokuwa nazo mbele ya wa bure zilikuwa zote pengo, droo sifuri. Kwa kazi ileile, mkono uleule, ungeweza kuwa na pengo la mbili na droo ya moja, na mchangiaji anayepata wiki mbili kila Ijumaa bila kukosa atakaa kuliko aliyeahidiwa tatu. Tena pengo refu lina mchezo wake: mtu analipa mwezi mmoja, anaruka mbele, anazisoma zote za mbele kwa mkupuo, kisha anajitoa kungoja wa bure wamfikie. Pengo likiwa fupi, mruko huo hauna faida kubwa, na anayebaki anabaki kwa kukupenda au kwa kutoweza kungoja. Wote wawili ni watu wazuri.

Kuzipata ni rahisi kuliko ulivyojaribu. Usichore mbili kwa wiki. Mkono huo ndio kiwanda chako, na kiwanda hakina spea. Usiongeze kasi ya kuchora, punguza kasi ya kutoa.

Ijumaa ya kwanza usitoe sura kwa mtu yeyote. Toa barua tu, nitakuambia iseme nini. Wiki hiyo unachora ya 33, inaingia kwenye droo. Ijumaa ya pili wachangiaji wanapata ya 33, wa bure hawapati, na wewe umemaliza ya 34. Ya tatu wachangiaji wanapata 34, wa bure 33. Ya nne wachangiaji 35, wa bure wanangoja. Ya tano wachangiaji 36, wa bure 34. Hapo simama uhesabu: wachangiaji wako sura mbili mbele, na kwenye droo kuna ya 37 ambayo hakuna aliyeiona. Kuanzia Ijumaa ya sita wote wanakwenda sura moja kwa wiki kama zamani, na pengo linajishikilia lenyewe. Wiki tano, hukuchora hata ukurasa mmoja wa ziada. Wa bure wamepata sura mbili badala ya tano, ndiyo gharama yenyewe, na ni wao wa kuilipa kwa sababu ni wao waliokula zile tatu. Bila kujua, lakini walikula. Hiyo Jumapili uifute kabisa kwenye ratiba, Ijumaa iwe siku ya wote.

Droo ya sura moja ni ndogo. Ili ikue, jipe wiki ya mapumziko kila baada ya sura nane, wote wawili kimya, na wiki hiyo uchore kama kawaida. Ukifanya mara mbili, droo ina tatu. Tangaza mapumziko hayo mwezi mzima kabla, ili yaonekane ratiba na wala si udhuru. Hata Eiichiro Oda, Mjapani anayechora komiki ya One Piece tangu 1997, akiwa na wasaidizi na kampuni kubwa nyuma yake, kila baada ya wiki chache gazeti lake hutoka bila sura yake, na wasomaji huambiwa mapema. Na Wakorea waliofanya kusoma mapema kuwa biashara kubwa, msomaji akilipa sarafu kufungua sura ya mbele, wanauza sura ambayo imeshamalizika na iko mkononi. Hakuna anayeuza sura iliyo bado kichwani mwa mchoraji. Wewe ulikuwa unafanya hivyo kila Alhamisi usiku.

Mwezi wa Ramadhani uufikirie peke yake. Sijui kama unafunga, lakini nusu ya Tanga inafunga, na saa 12 jioni watu wako jikoni au wanaangalia jua. Mwezi huo sogeza saa iwe saa 4 usiku, baada ya tarawehe, watu wakiwa wamejinyoosha na simu.

Na hapo tumefika kwenye saa. Nilicheka, unisamehe, kwa sababu hata mimi imenipata na tiketi ya ndege. Mitambo hii haijui Kiswahili. Saa 12 jioni yetu kwao ni 18:00, na 12:00 yao ni saa sita yetu ya mchana. Weka mipangilio isome saa 24 ili hizo herufi za asubuhi na jioni zisikuchanganye, kisha kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni ongeza sita juu ya saa yetu. Kuanzia saa 1 usiku hadi saa 5 usiku ongeza kumi na nane. Saa 4 usiku ya Ramadhani ni 22:00. Hakikisha pia akaunti inafuata saa za Afrika Mashariki. Ukitoa saa 12 jioni hapa, Muscat ni saa 1 usiku. Leicester ni saa 10 alasiri majira yao ya joto na saa 9 majira ya baridi, kwa kuwa wenzetu hao husogeza saa mara mbili kwa mwaka na sisi hatusogezi. Huna haja ya kumpangia kila mmoja saa yake. Cha kuangalia ni kwamba wote, wa shilingi na wa dola, wapate dakika ileile.

Kwa hao wa Patreon, mwachie mtambo kazi. Ule uliundwa 2013 na mwanamuziki, Jack Conte, na mwenzake, kwa ajili ya watu kama wewe, na una sehemu ya kupanga kwamba sura ifunguke kwa wanaolipa Ijumaa hii na kwa watu wote tarehe fulani mbele. Ipange siku hiyohiyo unapomaliza sura, usingoje kukumbuka. Neno jingine la pesa: waambie wajiunge kwa kupitia kivinjari, wasijiunge ndani ya programu ya iPhone, maana Apple inaweza kudai hadi asilimia 30 ya malipo yanayopita mle, na hiyo haikufikii wewe.

Wa hapa nyumbani ndio kazi. Malipo ya simu hayajivuti yenyewe, mtu lazima akumbuke kulipa, na watu hukumbuka mshahara ukiingia. Usiwalazimishe wote tarehe 1. Aliyelipa tarehe 26 ahesabiwe hadi tarehe 26 ya mwezi unaofuata. Wewe uko stationari, karatasi ya Excel huna wa kukufundisha: jina, tarehe aliyolipa, tarehe inayoisha. Siku tatu kabla, ujumbe mmoja wa kumkumbusha. Siku ikipita, unamtoa bila ugomvi, na akilipa anarudi.

Kundi la WhatsApp lifunge wiki hii. Hili silibembelezi. Kila aliyemo anaona namba za wenzake, na dada yule aliyesumbuliwa ulimweka wewe mezani mbele ya asiyemjua, ingawa hukukusudia. Mwandikie umwombe radhi yeye peke yake. Hamia chaneli ya faragha ya Telegram: wanachama hawaoni namba za wenzao, unaweza kupanga ujumbe utoke saa unayotaka, na anayeisha muda unamwondoa. Watakuwepo wachache wenye bando la WhatsApp tu. Hao watumie kwa orodha ya matangazo, ila kumbuka orodha moja inachukua watu 256 na ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake.

Kuvuja hutakuzuia, mpwa wangu. Picha inayoonekana kwenye skrini inaweza kupigwa picha, hakuna kufuli la hilo. Unachoweza ni kuamua picha hiyo iseme nini ikifika chuoni. Chini ya kila ukurasa wa wachangiaji, kwenye mchoro wenyewe, pasipokatika kwa urahisi, andika: "Toleo la wachangiaji. Kwa wote Ijumaa" na tarehe, na mahali pa kuchangia. Anayevujisha anakubandikia matangazo. Kwa kuwa pengo lako lilikuwa siku mbili, kuvuja kulikuuma mara mbili. Pengo likiwa wiki mbili utaona hata hao wa chuo wanaanza kuulizana nani kati yao analipa. COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, na Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ziweke kwa siku utakayokuta mtu amechapa kitabu chako anakiuza stendi. Mwanafunzi aliyemtumia rafiki yake kurasa mbili usimpeleke popote.

Kaka yako nampenda kwa kukuonea uchungu, lakini ushauri wake utakumaliza. Wale 140 walitoka wapi? Walikuwa wa bure. Ukifunga mlango, hao ulionao watapungua kidogokidogo, kama wanavyopungua kila mahali, mmoja kahama, mmoja kafukuzwa kazi, na hakuna atakayeingia kuziba. Tena usithubutu kukifungia kitu ulichokwisha kukitoa bure. Sura ya 1 hadi ya 32 zibaki wazi milele. Na mwisho wa kila sura ya bure weka mstari mmoja tu: wachangiaji wamefika sura fulani. Wala usiombe. Magazeti ya hadithi yaliandika "Itaendelea" na watu walikuwa wakingoja nje ya duka la magazeti; wewe una bahati ya kuweza kumwambia msomaji kwamba imeshaendelea, sehemu nyingine.

Wanaokuita mwenye tamaa wajibu mara moja, kwa adabu, kisha usiwajibu tena. Watasoma kila kitu bure. Watangoja wiki mbili.

Pesa. Hapa utaumia kidogo. Wiki nane uliwauzia watu kitu ukawapa kingine, hukukusudia, lakini kila mwezi uliendelea kupokea. Kurudisha 3,000 mmoja mmoja kwa simu ni makato na fujo. Wape wote 104 mwezi mmoja bila kulipa, wa Patreon na wa hapa, kuanzia siku ya mwisho ya malipo yao. Ni zaidi ya laki tatu, najua, na najua stationari wanakulipa nini. Wale 36 waliotoka watumie ujumbe uleule mara moja na mwezi uleule. Anayetaka pesa yake badala ya mwezi, mrudishie. Usiwabembeleze.

Barua yenyewe iwe fupi. Usiandike habari za mkono kwa aya nne, wameshajua. Mimi ningeandika hivi: "Niliwaahidi wiki tatu. Tangu sura ya 25 nimewapa siku mbili. Kosa ni langu: nilipoumwa niliendelea kutoa upande wa bure. Ijumaa hii hakuna sura kwa yeyote. Kuanzia Ijumaa ijayo wachangiaji wanaanza kutangulia tena, na kuanzia Ijumaa ya tano mtakuwa wiki mbili mbele, na mtabaki hapo. Mwezi mmoja hamlipi. Nikiumwa tena, pande zote zitasimama, na nitawaambia siku hiyohiyo." Halafu weka ratiba ya hizo Ijumaa tano, tarehe kwa tarehe, na usiguse neno jingine.

Mimi ni msomaji wako wa bure, sikukwambia mwanzo. Nimekwama pale dereva anapozima taa mlima unapoanza na kiti cha pembeni kinabonyea. Jumapili hii nitafungua nikute hakuna kitu, nitanung'unika kama wengine, na tafadhali usinijibu.

Mjomba